Kikombe cha Kombu: Historia ya Unga Unaokoleza

Mpishi wa pwani anapodondoshea mchuzi kiganjani na kuulamba, hukumu zake huwa mbili tu: umekolea, au bado. Chumvi inaweza kuwa imetosha, ndimu imo, pilipili inawasha kama inavyotakiwa, na bado mchuzi ukawa chapwa. Ukimwuliza umepungukiwa na nini, atakujibu kwa mikono. Ataziacha nyanya ziendelee kukaangika mpaka mafuta yajitenge, au atatupia dagaa wachache, au ataurudisha mfupa sufuriani uchemke tena. Dawa anaijua. Jina la kile kilichopungua hana, wala hajawahi kulihitaji.

Historia hii inahusu mtu aliyelihitaji jina hilo.

Kikunae Ikeda alizaliwa Kyoto mwaka 1864, katika ukoo wa kisamurai wenye asili ya Satsuma, miaka michache tu kabla ya Japani kugeuzwa juu chini na watu wa tabaka lake kupoteza posho na panga zao. Watoto wa koo kama hizo ilibidi watafute njia nyingine ya kuheshimika, na wengi waliipata darasani. Ikeda alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akahitimu mwaka 1889, na miaka kumi baadaye akapelekwa Leipzig, Ujerumani, kwenye maabara ya Wilhelm Ostwald, mmoja wa wakemia wakubwa wa enzi ile. Kabla ya kurudi nyumbani alipitia London, na mwaka 1901 alikaa wiki kadhaa katika nyumba moja ya kupanga na Mjapani mwenzake, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa akiteseka kwa upweke wa jiji lile. Mwalimu huyo alikuwa Natsume Soseki, ambaye baadaye riwaya zake zingesomwa na kila mwanafunzi wa Japani. Mkemia na mwandishi walizungumza falsafa na fasihi usiku kucha, na Soseki mwenyewe alikiri kwamba mgeni huyo alimfungua macho.

Ulaya ilimpa Ikeda elimu, ikampa na kero. Aliwatazama Wajerumani, warefu, wenye miili iliyojengeka, akawafikiria watu wa kwao na bakuli zao za wali na mboga. Aliamini tatizo ni lishe. Vilevile huko alikula vitu ambavyo havikuwa vya kawaida katika meza ya Kijapani: nyanya, jibini, nyama, asparaga. Ndani ya vyakula hivyo, ambavyo havifanani hata kidogo, ulimi wake ulikuwa unakutana na kitu kimoja. Hakikuwa utamu wa sukari, uchachu, uchungu wala chumvi. Na alikuwa na hakika amekwisha kukionja tangu utotoni, nyumbani.

Nyumbani huko kilikuwa ndani ya dashi. Dashi ni maji ya supu ambayo mapishi ya Kijapani yameegemea juu yake, kama mapishi ya pwani yetu yalivyoegemea tui la nazi. Hutengenezwa kwa kombu, mwani mpana wa kahawia unaomea katika bahari ya baridi, hasa kandokando ya kisiwa cha Hokkaido, ukavunwa na kuanikwa mpaka ukawa mgumu kama ngozi. (Asiwaze msomaji mwani wa Paje na Jambiani. Ule ni wa jamii nyingine kabisa, nao hulimwa kwa ajili ya karajini, kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno. Ukiuchemsha ukingoja dashi utapata ute.) Kwa karne nyingi wafanyabiashara walisafirisha kombu kwa majahazi kutoka kaskazini hadi Osaka na Kyoto, mji wa Ikeda, ambako watawa wa Kibudha wasiokula nyama waliifanya kuwa msingi wa jiko lao.

Inasimuliwa kwamba ni bakuli la tofu iliyochemshwa ndani ya maji ya kombu lililomfanya aamue. Kilichomsukuma zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni maandishi ya daktari Miyake Hiizu, aliyedai kwamba chakula chenye ladha nzuri huamsha mmeng'enyo. Kama ni hivyo, aliwaza Ikeda, basi mtu atakayeweza kuiweka ladha nzuri mkononi mwa maskini, kwa bei ya maskini, atakuwa amemlisha. Mwaka 1907 akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kuliko ya ustadi. Unachukua kilo baada ya kilo za kombu, unazitoa utomvu kwa maji, unachemsha maji yale yapungue. Kwanza hujitenga chumvi ya kawaida. Kisha huja manitoli, ule unga mweupe unaoonekana juu ya kombu kavu, wenye utamu hafifu, ambao watu wengi wangeudhania kuwa ndio siri. Ikeda aliuondoa, akaonja kilichobaki, akakuta ladha anayoitafuta ingalimo. Aliendelea kutenga na kuonja. Mwishowe, mwaka 1908, alikuwa na gramu kama 30 za fuwele, na fuwele hizo hazikuwa kitu kigeni hata kidogo. Zilikuwa asidi ya glutamiki, ambayo Mjerumani Karl Heinrich Ritthausen alikwisha kuitoa katika mnato wa ngano mwaka 1866. Ilikuwa imekaa kwenye vitabu vya kemia miaka 42, na hakuna aliyeihusisha na chakula, kwa sababu aliyeionja aliikuta chachu. Ikeda ndiye aliyegundua kwamba uchachu huo ni vazi tu. Ukiipatanisha asidi ile na madini ya kawaida kama sodiamu, potasiamu au kalisi, uchachu huondoka na ladha ya dashi hujitokeza. Aliweza kuitambua hata sehemu moja ilipochanganywa na sehemu 3,000 za maji. Sukari, kwa kipimo chake, ilipotea ulimini mapema zaidi, kwenye sehemu 200 hivi.

Akaibatiza ladha hiyo umami, kutoka neno umai, ambalo Wajapani hulitamka wanapokula kitu kizuri. Hapa Mswahili anaweza kutabasamu, maana na sisi twasema nyama tamu, samaki mtamu, bila mtu kukusudia sukari. Lugha nyingi hubaki hapo. Ikeda alilichukua neno la kawaida la mezani akalifanya istilahi ya kisayansi, akadai kuwa ulimi una ladha ya tano. Ulaya na Marekani hazikumsikiliza. Makala yake ya mwaka 1909 iliandikwa kwa Kijapani, na wataalamu wa huko walikuwa wametosheka na ladha nne walizorithi.

Hataza, hata hivyo, haikungoja wataalamu. Ilitolewa tarehe 25 Julai 1908, namba 14805. Kati ya chumvi zote alizojaribu, Ikeda alichagua ile ya sodiamu, kwa kuwa huyeyuka upesi na haigandi kwa unyevu wa hewa. Ndiyo monosodiamu glutameti, ule unga wa fuwele nyembamba unaong'aa.

Mkemia alihitaji mfanyabiashara, naye akampata Suzuki Saburosuke, mtu mwenye historia yake. Ujanani alipoteza mali ya familia kwa kubahatisha bei za mchele, na walioiokoa nyumba ile huko Hayama, kando ya bahari, walikuwa wanawake: mama yake, Naka, na mkewe, walioanza kuchoma mwani na kutoa iodini ya kutengenezea dawa. Saburosuke alijirudi, akaikuza kazi hiyo ikawa kampuni. Kwa hiyo alikuwa ni mtu wa mwani tayari. Bahati mbaya mwani haukufaa. Kutoa glutameti kwenye kombu ni ghali mno, hivyo wakarudi kwenye njia ya Ritthausen: mnato wa ngano, uliochemshwa katika asidi kali ya hidrokloriki mpaka protini zake zivunjike.

Asidi hiyo ilikula kila chombo. Mafundi walijaribu hiki na kile, wakaangukia mitungi mikubwa ya udongo wa kuchoma kutoka Tokoname, mji wa wafinyanzi tangu zamani, ndiyo iliyostahimili. Mvuke wake nao ulitoka nje ya kiwanda cha Zushi ukaunguza mimea ya majirani, majirani wakalalamika, na mwaka 1914 kazi ikahamishiwa Kawasaki. Wanga uliobaki baada ya kutolewa mnato uliuzwa kwa viwanda vya nguo. Huenda hii ndiyo sehemu ya hadithi ninayoipenda zaidi, kwa sababu leo mtu anaposikia "kemikali" huwaza mashine zinazometameta, ilhali mwanzo wa jambo hili ulikuwa mitungi ya udongo na watu wanaokohoa.

Unga uliingia sokoni Mei 1909 kwa jina la Ajinomoto, yaani kiini cha ladha, ndani ya vichupa vya kioo kama vya manukato, na picha ya mama wa nyumbani aliyevaa aproni nyeupe. Haukununuliwa. Watengenezaji wa mchuzi wa soya waliukataa, wapishi wa mahoteli waliuona ni matusi, na kwa miaka ya mwanzo kampuni ilikula hasara. Waliowaokoa akina Suzuki ni wanawake wa tabaka jipya la mijini, wenye elimu, waliofundishwa shuleni kwamba jiko la kisasa ni jiko la sayansi. Mtumishi hayupo tena, mume anarudi jioni, na kuchemsha kombu kila siku ni kazi. Kampuni iliwaelewa vizuri. Kuanzia mwaka 1922 iliwapelekea wasichana waliohitimu sekondari chupa ya zawadi pamoja na kitabu cha mapishi.

Wakati huohuo ulitapakaa uvumi kwamba unga huo unatengenezwa kwa nyoka. Watu walisimuliana kwa uzito kabisa, na wachuuzi wa mitaani wenye maonyesho ya nyoka wakaukoleza, mpaka kampuni ikalazimika kutangaza magazetini kuwa haijawahi kutumia nyoka. Uvumi huo ulikufa. Unga ulikuwa bado una safari ndefu ya kukutana na mwingine.

Ulivuka bahari kwa njia ya dola. Taiwan ilikuwa koloni la Japani, na huko unga ulipendwa kuliko hata Japani kwenyewe. Wapishi wa vibanda vya barabarani waliuweka mezani wazi, wateja wauone, na wenye maduka wakaupima rejareja kutoka kwenye makopo makubwa. China nayo iliupenda, ila ilimchukia aliyeuleta. Mwaka 1923 mkemia kijana wa Shanghai, Wu Yunchu, alifanikiwa kuutengeneza mwenyewe, akaanzisha kiwanda alichokiita Tian Chu, Jiko la Mbinguni. Wachina walipoanza kugomea bidhaa za Japani, yeye alikuwa tayari na unga wa kizalendo. Pia alijua kuwauzia Wabudha, kwa kuwa hapakuwa na nyama ndani yake: mtu wa dini aliweza kuinywa supu ya mboga yenye ladha ya kuku bila kuku kuchinjwa. Katika miaka michache tu kile kilichozaliwa maabara ya Tokyo kilikuwa kimeshakuwa sehemu ya mapishi ya Kichina, na wajukuu wa wateja wa Wu wangeshangaa kuambiwa asili yake ni Japani.

Wamarekani nao waliununua, wakautia viwandani. Supu za kopo, nyama za kopo na vyakula vilivyogandishwa vilipoteza ladha kwa kuchemshwa na kukaa, na unga uliirudisha. Mwaka 1948 maofisa wa jeshi la Marekani, waliokwisha kuona askari wakiutupa mgao wa chakula chapwa vitani, walikutana Chicago na wenye viwanda kujadili unga huo tu. Mwaka 1959 serikali yao iliuweka katika kundi moja la usalama na chumvi na siki.

Ikeda hakuyaona hayo. Alistaafu chuo kikuu mwaka 1923, akaishi tena Ujerumani miaka kadhaa, akarudi na kufariki Tokyo mwaka 1936. Wanafunzi wake waliendeleza kazi. Mmoja wao, Kodama Shintaro, mwaka 1913 alikuwa amechunguza nusu ya pili ya dashi, yaani katsuobushi, samaki jodari aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa kama ubao. Humo alikuta inosineti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kuninaka Akira akaikuta guanileti, ambayo ndiyo ya uyoga mkavu, na akaonyesha jambo ambalo lingemfurahisha mpishi wetu wa mwanzo: glutameti ikikutana na mojawapo ya hizo mbili, ladha haijumlishwi, huzidishwa mara nyingi. Nyanya zilizoiva zina glutameti nyingi. Dagaa wakavu wana inosineti. Anayevipika pamoja kando ya Ziwa Tanganyika anafanya kile kile anachofanya mpishi wa Kyoto kwa kombu na katsuobushi.

Mwaka 1956 mitungi ya udongo ilipata mpinzani. Katika kampuni ya Kyowa Hakko, Kinoshita Shukuo na wenzake walikuwa wakitafuta kijidudu kitakachoitema glutameti chenyewe. Walikipata kwenye udongo wa Bustani ya Wanyama ya Ueno, Tokyo, uliochanganyika na vinyesi vya ndege. Ni bakteria aliyekuja kuitwa Corynebacterium glutamicum. Mlishe sukari, mnyime vitamini ya biotini kiasi, na utando wa seli yake hulegea, glutameti ikavuja nje. Tangu hapo unga huu ni jamaa wa siki na mtindi: unachachushwa kwa molasi ya miwa, kwa mahindi, na huko Thailand kwa muhogo. Bei ikaanguka. Ndoto ya Ikeda, kiungo cha bei ya maskini, ikawa kweli.

Ndipo ikaja barua. Tarehe 4 Aprili 1968 jarida la tiba New England Journal of Medicine lilichapisha maneno machache ya Robert Ho Man Kwok, daktari mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi Maryland. Alieleza kwamba kila anapokula katika mikahawa ya Kichina ya Marekani, dakika 15 au 20 baada ya sahani ya kwanza, shingo hufa ganzi kwa nyuma, ganzi ikashuka mikononi na mgongoni, mwili ukalegea na moyo ukadunda. Hakujua sababu. Alitaja mchuzi wa soya, mvinyo wa kupikia, chumvi nyingi, na kama uwezekano mmojawapo, glutameti. Akawaomba wenzake wachunguze.

Hakuupa ugonjwa jina. Wahariri ndio waliouita ugonjwa wa mkahawa wa Kichina, na jina likashinda barua. Madaktari wengine walituma visa vyao, baadhi kwa mzaha wazi, magazeti yakayanyakua, na katika muda mfupi mikahawa ya Wachina kote Marekani ikaanza kubandika vibao dirishani kwamba haitumii unga huo. Supu za kopo zilikuwa nao, bisi na vitafunio vya pakiti vilikuwa nao. Sijaona popote ugonjwa wa supu ya kopo.

Mwaka uliofuata, 1969, mtafiti John Olney alitangaza kwamba panya wachanga waliodungwa glutameti chini ya ngozi walipata madhara ubongoni. Dozi yake kubwa kabisa ilikuwa gramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, kiasi ambacho hakuna mchuzi utakaokibeba, na tena kwa sindano. Lakini wazazi walisikia panya wachanga wakawaza watoto wachanga. Watengenezaji wa vyakula vya watoto Marekani wakautoa unga katika vichupa vyao mwaka huohuo, ingawa maziwa ya mama yana glutameti huru kwa wingi kuliko kijenzi kingine chochote cha protini.

Majaribio yaliyofuata yalichukua miongo. Mwaka 1987 kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilisema hakuna haja ya kuwekewa kiwango cha juu cha kula kwa siku. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Ulaya iliona vyema kuweka kiwango, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 130 ambao wote walijitaja kuwa wanadhurika. Walipewa gramu 5 za unga au kitu kingine kisicho na unga huo, bila kujua kipi ni kipi, na jaribio likarudiwa. Walioonyesha dalili kila mara walipopewa unga wenyewe walikuwa wawili tu, na ulipotiwa kwenye chakula dalili hizo hazikushika mpangilio. Wapo watu wachache wanaopata maumivu ya kichwa au kuona uso unawaka wakimeza gramu tatu au zaidi kwa tumbo tupu, na sina sababu ya kuwaita waongo. Kilichoniudhi katika kusoma historia hii ni uzembe wa jina lile.

Mwaka 2002 vilitambuliwa vipokezi vya ulimini, T1R1 na T1R3, vinavyoshikamana na kuipokea glutameti. Ikeda alikuwa sahihi kuhusu ladha ya tano, miaka 94 baadaye. Kwok naye alipata kizaazaa chake baada ya kufa: daktari mzee wa mifupa alijitokeza akidai kuwa ndiye aliyeiandika ile barua ya 1968 kwa utani, na jina la Kwok ni la kubuni. Waandishi wa habari walifuatilia, wakaikuta familia ya Kwok. Alikuwa mtu kweli, na barua ilikuwa yake. Mzaha ulikuwa wa mzee. Mwaka 2020 kamusi ya Merriam-Webster ililifanyia marekebisho ingizo la ugonjwa ule.

Kwetu unga umeingia kimyakimya. Pindua pakiti za unga wa mchuzi, au kile kikaratasi cha viungo ndani ya tambi za dakika mbili, na katika maandishi ya mwisho, madogo, utaikuta mara nyingi namba E621. Ina sodiamu asilimia 12 hivi, wakati chumvi ya mezani ina 39, lakini kwa kawaida pakiti hiyohiyo imejaa chumvi pia, na hapo ndipo mwenye shinikizo la damu angepaswa kutazama.

Chuo Kikuu cha Tokyo kimehifadhi kichupa cha kioo chenye fuwele za kwanza za Ikeda. Kimebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Wakati ule Kijapani hakikuwa na neno la asidi ya glutamiki, kwa hiyo sauti za neno la Kijerumani ziliandikwa kwa herufi za Kichina, silabi kwa silabi: gu, ru, ta, mi. Kuna herufi nyingi zinazosomeka mi. Aliyeandika alichagua ile yenye maana ya ladha.